Joho na Bei Yake

Zamani, Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyetaka kuwa wakili alilazimika kwanza kula. Huu si mzaha. Kabla ya 1961 hapakuwa na kitivo cha sheria Kenya, Uganda wala Tanganyika. Mwenye ndoto hiyo alisafiri hadi London, akajiunga na kimojawapo cha vyama vinne vya kale vya mawakili, akafanya mitihani, na juu ya mitihani akatakiwa kuhudhuria idadi maalumu ya vyakula vya jioni katika ukumbi wa chama chake. Asiyekaa mezani hakuvaa joho. Nauli ya meli, ada, koti zito la baridi na sahani ile ya nyama vilikuwa na bei yake, na lazima awepo wa kulipa.

Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuwa mlipaji huyo. Ualimu, kilimo na udaktari vilipata ufadhili. Sheria ilitazamwa kwa jicho la pembeni, maana India ilikwisha kuwaonyesha Waingereza kwamba kutoka wakili hadi mpigania uhuru ni hatua moja. Argwings-Kodhek, kijana wa Gem huko Nyanza, alikwenda Uingereza 1947 kwa ufadhili wa kusomea mambo ya jamii, kisha akageuza njia na kusoma sheria. Aliporudi Kenya akaelezwa kwamba kazi serikalini ipo, ila mshahara wake ungekuwa sehemu tu ya ule wa Mzungu mwenye sifa zilezile. Akakataa, akafungua ofisi yake. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, yeye ndiye aliyekimbiliwa na watuhumiwa wa Mau Mau. Leo jina lake limo kwenye barabara inayopita Hurlingham, Nairobi.

Vyakula vya London vimebaki hadithi ya kuwachekesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Bili yenyewe haijafutwa. Imebadilishwa jina na kugawanywa vipande vipande, na ukitaka kujua kwa nini ofisi za mawakili wa mjini hazifanani na wananchi wanaozihitaji, inabidi uifuate kipande kwa kipande.

Jibu la kwanza la Tanganyika lilitolewa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chuo Kikuu kilianza hapo kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Kilikuwa cha kwanza katika eneo hili, kwa hiyo kilisomesha pia Wakenya na Waganda. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, ni zao lake. Kuanza na sheria kabla ya udaktari au uhandisi kulikuwa na sababu iliyo wazi. Nchi ilikuwa inachukua mahakama, polisi na Bunge, huku wanasheria wake Waafrika wakihesabika kwa vidole. Mwaka 1962 Tanganyika ilimtegemea Herbert Chitepo, wakili aliyetoka Rhodesia ya Kusini, awe mkurugenzi wa mashtaka.

Wanawake walichelewa kidogo tu. Julie Manning aliingia kitivo hicho mwaka 1963 akiwa mwanamke wa kwanza, akawa jaji, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Wanaopenda kusema wanawake wa Kiafrika walifunguliwa mlango wa sheria juzi, kwa hisani ya wafadhili, wanaisahau tarehe hiyo.

Kilichowapitisha watu wa kizazi hicho ni jambo moja ambalo leo halitajwi sana: serikali ililipa. Ililipa chakula, malazi, vitabu na nauli ya kurudi kijijini likizo. Mtoto wa mchunga mbuzi na mtoto wa mwalimu mkuu walikaa bweni moja na kula wali mmoja. Baadaye ikaja sera ya kuchangia gharama, kisha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004. Vyuo binafsi na vya umma vikaongezeka, na shahada ya sheria ikapatikana Mwanza, Iringa, Mzumbe na Dodoma. Kwa maana hiyo mlango wa shahada umepanuka kweli, na anayelalamika kwamba vyuo ni vichache anapiga kelele mbele ya mlango ulio wazi. Geti limesogezwa mbele.

Tangu 2008, mhitimu wa sheria Tanzania Bara anayetaka kuwa wakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo hakuna anayeiita kwa jina hilo refu. Kila mtu husema Law School. Ipo Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Sam Nujoma. Anayetoka Kasulu, Tunduru au Ngara lazima aende huko.

Hebu mfuate huyo wa Kasulu. Alipokuwa chuo kikuu alikuwa na bumu, zile fedha za mkopo za kujikimu zinazoingia kwa awamu na kuisha kabla ya awamu. Siku anapokabidhiwa cheti cha shahada, bumu nalo limefika mwisho, na anaanza upya kuuliza nani atamlipia. Akifika Dar anakuta mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Anahitaji suti nyeusi na shati jeupe; za dukani hazishikiki, hivyo anakwenda kuchagua mtumba soko la Karume, akibahatika anapata koti lenye mabega yanayomtosha. Kuna daladala, kuna chakula, kuna kurasa za kutoa kopi. Mwenzake aliyezaliwa Mikocheni, hapohapo Dar, analala kwao, anakula kwao, na jioni anasoma. Mtihani ni mmoja, na karatasi ya majibu haina sehemu ya kuandika umelala wapi.

Oktoba 2022 matokeo ya taasisi hiyo yaliitikisa nchi. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, yaani walipata sapu, na 265 walidisko, neno la wanafunzi lenye maana ya kuondolewa masomoni. Mjadala ukafika bungeni na vijiweni. Wako waliosema vyuo vinazalisha wanasheria wasiojua kuandika, wako waliosema Law School inawakomoa watu. Dk. Damas Ndumbaro, wakati huo Waziri wa Katiba na Sheria, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze.

Katika kelele zile kulikuwa na hoja nzito, na nyingine hafifu. Hafifu kuliko zote ilikuwa ile ya kutaka mtihani ulegezwe. Mjane anayeporwa shamba hana faida na wakili aliyeonewa huruma na msahihishaji. Lakini aliyefeli kwa uvivu na aliyefeli kwa sababu alikuwa akiuza chipsi Ubungo hadi saa sita za usiku wanahesabiwa pamoja katika ile idadi ya 265, na takwimu za matokeo haziwezi kuwatenganisha. Kinachoweza kuwatenganisha ni mkopo wa uhakika wa kujikimu unaomfuata kila mhitaji hadi siku ya mtihani wa mwisho. Hapo ndipo ingekuwa haki kumwambia aliyefeli kwamba kafeli yeye.

Kipande kinachofuata cha bili ni lugha. Turudi katika mahakama ya wilaya Tanzania kabla ya 2021, siku ya ushahidi. Shahidi, mama wa makamo mwenye khanga mabegani, anasimama kizimbani na kueleza kwa Kiswahili jinsi mtuhumiwa alivyomnyang'anya mkoba. Wakili anamuuliza kwa Kiswahili. Hakimu anamsikiliza kwa Kiswahili, kichwa kimeinama, na mkono wake unaandika kwa Kiingereza. Kila sentensi anageuza yeye mwenyewe, papo hapo, huku akimwomba mama apunguze mwendo kidogo. Mama akisema mtu yule alikuwa amemkodolea macho, rekodi inasema tu alimtazama. Kwa miongo mingi mahakama za mwanzo pekee ndizo zilizoendesha na kuandika kesi kwa Kiswahili.

Mwanzoni mwa 2021 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma aliandika hukumu kwa Kiswahili katika shauri lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Februari, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimsifu hadharani na kumteua jaji wa Mahakama ya Rufani. Bunge likapitisha mwaka huohuo marekebisho yanayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki pale haki inapokihitaji.

Darasani mambo yamebaki yalivyokuwa. Mtoto wa Kitanzania anayesoma shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza anaingizwa kwenye Kiingereza kama mtu anayesukumwa mtoni ajifunze kuogelea humohumo. Aliyesoma shule za kulipia tangu chekechea alikwisha kuogelea. Wote wawili wanafika kitivo cha sheria kwenye vitabu vya Kiingereza, mihadhara ya Kiingereza na mtihani wa Kiingereza, na kinachopimwa humo, nusu yake ni sheria, nusu ni historia ya shule ya mtu. Kazi ikianza, wateja wake na mashahidi wake watazungumza Kiswahili. Wapo wanasheria wazito wanaopinga kwa hoja ya maana: rejea za kesi kutoka Uingereza, India na mahakama zetu wenyewe ziko kwa Kiingereza, na wakili asiyeweza kuzisoma ni kilema kazini. Ni kweli, na kwa hiyo Kiingereza kifundishwe vizuri, kama chombo cha kazi. Kuruhusu mwanafunzi ajibu mtihani wa mahojiano ya shahidi kwa lugha ambayo atamhoji shahidi huyo hakumpunguzii mtu uwezo wa kusoma rejea. Kenya, kwa kiasi kidogo, imekubali jambo hili: sheria ya Kenya School of Law, inapozungumzia alama za sekondari za anayeomba kujiunga, inatambua B ya Kiingereza au ya Kiswahili.

Hukohuko Kenya kipande cha bili kilicho kikubwa zaidi kina jina la kuvutia: uanagenzi. Mhitimu husoma mafunzo ya uwakili katika Kenya School of Law, Karen, ambako hulipa ada ya masomo, kisha hukaa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano. Ni mpango mzuri. Hakuna kitabu kinachofundisha namna ya kumtuliza mteja anayelia, au namna ya kuzungumza na karani wa masjala ili faili "lililopotea" lipatikane.

Taabu ni namna ya kumpata huyo wakili. Ukiwa na mjomba mwenye ofisi Upper Hill, suala limekwisha kwenye chakula cha Krismasi. Usipokuwa naye unaandika barua, unazituma hamsini, unajibiwa tatu, na moja kati ya hizo tatu inakueleza kwa adabu kwamba hutalipwa. Wengi huambulia nauli. Kwa miezi sita mtu mzima mwenye shahada anapanga mafaili, anapanga foleni mahakamani, anaandika rasimu za hati za madai zitakazosainiwa na mwingine, na jioni anapiga simu nyumbani kuomba hela ya unga, nyumba ileile iliyouza ng'ombe ili asome. Wapo wanaoacha. Hawaandikwi popote, kwa sababu aliyeacha uanagenzi hakufeli mtihani wowote. Alitoweka tu, ukakutana naye miaka mitatu baadaye akiuza bima.

Mwaka 2023 gazeti baada ya gazeti Nairobi liliandika habari za kijana aliyetuhumiwa kujifanya wakili na kusimamia kesi mahakamani. Mawakili walikasirika, na walikuwa na haki. Kilichoshangaza ni mtaani, ambako watu wengi walimshangilia. Ukisikiliza vizuri, katika vicheko vile kulikuwa na hasira ya zamani dhidi ya taaluma inayoonekana kama klabu ya wenye wajomba. Tanzania watu wa namna hiyo huitwa vishoka, na hustawi mahali ambapo wakili halali yuko mbali au yuko ghali.

Juu kabisa ya ngazi, hali ni nzuri kuliko chini, jambo ambalo halikutegemewa. Tangu Katiba ya 2010, Tume ya Utumishi wa Mahakama ya Kenya huwahoji hadharani wanaoomba kuwa majaji wakuu, wananchi wakiona kwenye televisheni. Martha Koome, mtoto wa wakulima wa Meru katika familia ya watoto 18, alipita kwenye mahojiano hayo na mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa nchi hiyo. Mumbi Ngugi, mwenye ualbino, aliingia Mahakama Kuu 2011, akapanda hadi Mahakama ya Rufani. Tanzania, Dk. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, alikuwa mwanasheria na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015 na baadaye balozi Ujerumani. Ualbino mara nyingi huja na uoni hafifu, na taaluma hii ni ya kusoma maandishi madogo kuanzia asubuhi. Anayefika alikofika Mumbi Ngugi amesoma mara mbili ya wenzake, kwa macho nusu ya yao.

Kwa nini juu kuwe wazi kuliko chini? Kwa sababu juu kuna tangazo, vigezo, mahojiano na kamera. Wanaoingia ofisi za mawakili kama wanagenzi huchaguliwa kwa simu.

Mfano mkubwa kuliko yote, hata hivyo, haukutoka ofisini wala chuoni. Ulitoka gereza la wanawake la Luzira, Kampala. Susan Kigula alihukumiwa kifo 2002 kwa kosa la kumuua mumewe, kosa alilolikana siku zote. Wakati huo sheria ya Uganda haikumpa jaji hiari: kosa likithibitika, adhabu ni kamba. Kigula na wenzake 417 waliokuwa wakisubiri kunyongwa wakafungua shauri la kikatiba, mawakili wakawasimamia, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka katiba. Shauri hilo linabeba jina lake, na wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki hulisoma.

Kigula naye akawa mwanafunzi wa sheria. Akiwa gerezani, ambako tayari alikuwa amesaidia kuanzisha darasa la wafungwa wenzake, alianza masomo ya sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa masafa, kupitia mradi wa shirika la African Prisons Project, ambalo sasa linaitwa Justice Defenders. Mwaka 2011 adhabu yake ilipunguzwa kuwa kifungo cha miaka 20, na mwanzoni mwa 2016 akatoka. Mradi huohuo umefika gereza la Kamiti, Kenya, ambako wafungwa na askari magereza wamekaa darasa moja wakisoma sheria, na waliosoma wakawasaidia wenzao kuandika rufaa. Inafaa kulitafakari jambo hilo kidogo: mlinzi na mlindwa wakibishana juu ya mkataba wa kuuziana kondoo, na mwalimu yuko ng'ambo ya bahari.

Kama mtu aliyewahi kufungwa anaweza kuandikishwa kuwa wakili ni suala jingine. Sheria za uwakili humtaka mwombaji awe na mwenendo mwema, na shahada peke yake haithibitishi hilo. Lakini kwa kazi ya kuwafikishia watu sheria, Luzira na Kamiti zimefanya kwa madaftari machache kile ambacho ofisi zenye kapeti hazijafanya.

Somo la Kamiti, kwamba kuna njia nyingine ya kuifikia sheria, liko pia Lushoto. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kule milimani Usambara, hufundisha cheti na stashahada ya sheria, na kijana wa kidato cha nne mwenye alama za wastani anaweza kuanzia hapo, akafanya kazi ya ukarani wa mahakama, akajisomesha taratibu hadi shahada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 nayo imewatambua wasaidizi wa kisheria, wale watu wa vijijini waliopewa mafunzo mafupi, wanaosuluhisha ugomvi wa mirathi na mipaka chini ya mwembe. Wanazijua sheria za ardhi na ndoa kwa namna ambayo mhitimu wa Mikocheni atachukua miaka kuipata. Miaka yao hiyo ya kazi, hata hivyo, haihesabiwi popote katika safari ya uwakili.

Uingereza, nchi iliyotuachia majoho na vyakula vya jioni, yenyewe imebadilika. Tangu 2016 kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuwa mwanagenzi wa sheria kwa miaka sita, akilipwa mshahara na kusoma palepale kazini. Na tangu 2021 anayetaka kuwa solisita anaweza kuhesabiwa miaka miwili ya uzoefu hata kama aliupata katika kituo cha msaada wa kisheria. Mtihani haukulegezwa, mlipaji wa bili ndiye aliyebadilishwa. Uganda nayo, iliyokuwa na mafunzo ya uwakili Kampala tu, imepeleka matawi ya Law Development Centre Mbarara na Lira. Dodoma ina mahakama, ina vyuo, ina makao makuu ya serikali. Tawi la Law School pale lingempunguzia mtu wa Singida na Kigoma safari na kodi ya Dar, na Mwanza lingekuwa la pili.

Baadhi ya mambo hayahitaji Bunge. Hukumu za mahakama za Tanzania sasa zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, na za Kenya kwenye Kenya Law, kwa hiyo mwanafunzi mwenye simu na bando la siku hahitaji tena kuazima vitabu vya rejea kwa mtoto wa jaji. Vyama vya mawakili vinaweza kutangaza nafasi za uanagenzi kwenye orodha moja iliyo wazi, na kuweka kiwango cha chini cha posho. Na wakili anayesoma makala haya, mwenye mwanagenzi anayekuja ofisini kwa miguu, aanze na nauli yake ya mwezi huu.